Maswali ya Wasomaji: Mezani kwenye fonda ya Meksiko

Barua za mwezi huu zinahusu migahawa midogo ya Kimeksiko, ile inayoendeshwa na familia yenyewe. Wengine mnajiandaa kusafiri, wengine mnao mgahawa wa namna hiyo mtaani kwenu Marekani, na wengine mmejaribu kupika nyumbani mkashindwa. Maneno ya Kihispania tumeyaacha kama utakavyoyakuta kwenye ubao, na panapohitajika tumeonyesha matamshi.

Swali: Shikamooni wahariri. Nakwenda Jiji la Meksiko kwa masomo ya miezi mitatu. Nimeambiwa mwanafunzi hula "fonda", lakini sijui naagizaje wala nitakaa nikisubiri menyu ya nani. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Fonda ni mama ntilie aliyepata chumba. Utakuta meza sita au saba zenye vitambaa vya plastiki, mama yuko kwenye masufuria, binti anahudumia, na mzee mmoja pembeni anapokea hela. Menyu ya kushika mkononi mara nyingi haipo. Iko mlangoni, kwenye ubao ulioandikwa asubuhi hiyo, na maneno ya kutafuta ni comida corrida (tamka "komida korida") au menú del día. Maana yake ni bei moja kwa mlo mzima. Katika fonda ya kawaida ya mtaani, noti ya peso 200 hutosha na chenji ikabaki.

Mlo huja kwa zamu, kwa hiyo usishangae ukiletewa bakuli kabla hujataja kitoweo. Kwanza ni sopa aguada, supu ya majimaji: tambi nyembamba zilizokaangwa kidogo kisha zikachemshwa kwenye rojo la nyanya, au mchuzi wa kuku wenye mboga. Halafu huja sopa seca, yaani "supu kavu", na hapo ndipo wageni hubabaika, maana si supu hata kidogo. Ni wali, au siku nyingine tambi. Ukiulizwa "¿con huevo?" unaulizwa kama uwekewe yai la kukaanga juu ya wali, na yai hilo lina bei yake. Zamu ya tatu ni guisado, kitoweo chenyewe. Ubao utakuwa navyo vitatu hadi sita, nawe unachagua kimoja. Maharage huja pembeni. Tortiya, vichapati vyembamba vya mahindi, hazihesabiwi: zikiisha kwenye kikapu, omba nyingine bila haya.

Kinywaji kimo kwenye bei hiyohiyo, kwa kawaida agua fresca kwenye jagi. Jamaica (tamka "hamaika") ni rosela yetu, tamarindo ni ukwaju, na horchata ni mchele uliolowekwa ukasagwa na mdalasini na sukari. Rosela na ukwaju asili yake ni Afrika, basi mbili kati ya hizo unazijua tangu utotoni.

Angalia saa. Comida corrida huanza kama saa saba mchana na kufikia saa kumi au kumi na moja imekwisha. Ukienda saa saba na nusu ubao bado ni mzima. Ukienda saa kumi, kitoweo kizuri kimeshafutwa kwa kidole. Usiku fonda nyingi zimefungwa, na zile zinazotegemea wafanyakazi wa ofisini hufunga Jumapili pia.

Ukiingia, salimia: "buenas tardes". Ukipita meza ya mtu anayekula, mwambie "provecho". Kwetu anayekula ndiye husema karibu; huko apitaye ndiye humtakia heri anayekula. Na bili haitakuja yenyewe hata ukae mpaka jioni, kwa sababu kumletea mteja bili asiyoiomba ni kama kumfukuza. Sema "la cuenta, por favor" (la kwenta). Lipa taslimu, kwa noti ndogo, kisha acha bakshishi ya asilimia 10 mezani, au 15 kama umehudumiwa vizuri.

Swali: Assalaam alaykum. Tunaishi Houston, na karibu yetu kuna mgahawa wa familia ya Kimeksiko, watu wakarimu mno. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo huagiza maharage, wali na tortiya tu ili kuepuka nguruwe. Mume wangu ana wasiwasi na yale maharage, mimi sina. Nani yuko sahihi? (Mama wa watoto watatu, Houston)

Waalaykum salaam, mama. Mume wako.

Maharage ndiyo mlango anaopitia nguruwe bila kubisha hodi. Yale ya kupondwa, frijoles refritos, kwa desturi hukaangwa kwa manteca, na manteca ni mafuta ya nguruwe. Usiichanganye na mantequilla, ambayo ni siagi. Maharage ya mchuzi, frijoles de la olla, huchemshwa kwa kitunguu na chumvi na mara nyingi hayana mafuta yoyote. Ila huko Texas chungu cha maharage mara nyingi ni cha frijoles charros, na hayo hutiwa vipande vya nyama ya nguruwe ya moshi. Kwa macho utaona maharage tu.

Tortiya za mahindi ni mahindi, maji na chokaa, basi. Za ngano ni habari nyingine: kwa asili hukandwa kwa manteca, ingawa wengi siku hizi hutumia mafuta ya mboga. Tamales (madonge ya unga wa mahindi yanayofungwa na kupikwa kwa mvuke) ziepukeni mpaka muulize, maana unga wake hupigwa na manteca mpaka uwe mwepesi. Wali hukaangwa kwa mafuta ya mboga lakini mara nyingi huiviswa kwa mchuzi wa kuku, na kuku huyo huenda hakuchinjwa kwa utaratibu wenu. Hilo ni la kwenu kuamua.

Majina ya nguruwe ya kukariri: puerco, cerdo, carnitas, chorizo, longaniza, chicharrón, cochinita, tocino, jamón, na chuleta kwa kawaida. Linalowapoteza wengi ni al pastor, kwa sababu linafanana na shawarma: nyama imepangwa kwenye mti wima, inazunguka motoni, inakatwa kwa kisu kirefu. Na kweli shawarma ndiyo mama yake, ililetwa Meksiko na wahamiaji kutoka Lebanon. Lakini nyama ni nguruwe, mwekundu kwa pilipili na achiote (mbegu za kutia rangi), na nanasi juu yake.

Jinsi ya kuuliza ni muhimu kuliko kuuliza kwenyewe. Usiseme "sin carne", bila nyama, kwa sababu kwa wapishi wengi carne ni nyama ya ng'ombe, na kipande cha jamón hakihesabiki. Uliza jina kwa jina: "¿Lleva manteca o puerco?" (yeva manteka o pwerko). Nenda mapema, kabla ya msukumo wa mchana. Mgahawa wa familia una faida moja ambayo mikubwa haina: aliyepika yuko hatua kumi kutoka mezani kwako. Ukimwambia mapema, huenda akakukaangia maharage kwenye kikaango cha pembeni kwa mafuta ya mboga ("con aceite, por favor"). Ila yaliyopondwa jana hayawezi kurudi nyuma. Uliza pia kuhusu bamba la chuma la kukaangia, maana chorizo na nyama ya ng'ombe hupikwa juu ya bamba moja.

Zile tortiya za kukaanga na sosi zinazowekwa mezani bure kabla hujaagiza ni desturi ya Texas na majirani zake. Ukifika Meksiko kwenyewe usizingoje.

Swali: Nimejaribu kutengeneza tortiya kwa sembe. Zinapasuka kabla hazijafika kikaangoni. Nikiongeza maji zinanata mkononi, nikichanganya ngano zinakuwa chapati. Nakosea wapi? (Msomaji, Iringa)

Mikono yako haina kosa, kosa ni la unga. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa na kusagwa yakiwa makavu; hata dona halitashika. Tortiya hutokana na mahindi yaliyopikwa kwa chokaa, ambayo Wameksiko huyaita nixtamal (nishtamal), neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko. Chokaa hulegeza ganda na kulainisha wanga nusunusu, na huko ndiko gundi inakotoka. Pia huifungua niasini, vitamini B3 iliyojifunga ndani ya punje. Mahindi yalipofika kaskazini mwa Italia na kusini mwa Marekani, watu waliyachukua wakaiacha chokaa, na maskini walioishi kwa mahindi matupu wakapatwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini.

Mahitaji: kilo 1 ya mahindi meupe makavu, yasiyotiwa dawa ya ghalani wala ya mbegu, maji lita 3, chokaa ya chakula gramu 10, kama kijiko kimoja cha mezani. Chokaa hiyo ni hidroksidi ya kalsiamu, na pakiti yake iwe imeandikwa kwamba ni ya chakula. Ya kupaka ukuta hapana. Chokaa hai, ile inayochemka ikiguswa na maji, hapana kabisa, inaunguza. Ya tambuu ni ndugu yake wa karibu, lakini ya dukani huweza kuwa na rangi na vikorombwezo ndani, kwa hiyo iache. Magadi nayo yatalegeza ganda, lakini hayana kalsiamu unayoihitaji. Na sufuria isiwe ya aluminiamu, maana chokaa huila. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli.

Koroga chokaa kwenye maji, tia mahindi, weka moto wa wastani yachemke taratibu dakika 30 hadi 45. Toa punje moja, isugue kwa vidole: ganda likivuka kama ngozi ya njugu iliyolowa, zima. Ivunje punje uitazame ndani. Katikati pawe pamebaki kiini cheupe, kikavu kidogo. Kama imeiva mpaka moyoni umepitiliza, na unga wake utanata. Funika, acha usiku kucha, saa 8 hadi 12. Asubuhi maji yatakuwa ya njano na mazito. Mwaga, osha mara mbili, basi. Usisugue mpaka kila ganda liondoke, kwa sababu mabaki hayo ni sehemu ya gundi.

Kusaga ndiko kunakowakwamisha walioko nyumbani. Mashine ya mtaani ni ya nafaka kavu. Ukimpelekea fundi mahindi yaliyolowa ataziba chekeche, na atakuwa na haki ya kukugombeza. Blenda inataka maji mengi hadi unapata uji. Kinachofaa ni kinu cha chuma cha mkono, kile cha kufungwa ukingoni mwa meza, na upitishe mara mbili.

Kanda na maji kidogokidogo mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Kata madonge ya gramu 30 hadi 35. Libane donge kati ya karatasi mbili za plastiki, kandamiza kwa sahani nzito ya chini bapa hadi lifike upana wa sentimita 13 au 14. Kikaango kiwe kikavu, bila tone la mafuta, na moto mkali: ukinyunyiza maji yaruke na kukauka papo hapo. Upande wa kwanza sekunde 20, mpaka ukingo uanze kunyanyuka. Geuza, acha karibu dakika nzima. Geuza tena, na hapo tortiya iliyo sawa huvimba kama mandazi. Zipange ndani ya kitambaa kizito, zifunike dakika kumi, zijilainishe kwa mvuke wake zenyewe. Ukizila moja kwa moja kutoka motoni utadhani zimekauka.

Ukingo ukipasuka, donge ni kavu, ongeza kijiko cha maji. Ikiganda kwenye plastiki, maji yamezidi. Isipovimba, kikaango ni baridi au umechelewa kugeuza mara ya kwanza. Ikiwa chungu na ya njano sana, chokaa imezidi au hukuosha.

Kama uko mahali unga wa nixtamal unapouzwa (masa harina), chukua gramu 250 kwa maji ya uvuguvugu mililita 350 hadi 375, kanda, funika dakika 20 kabla ya kukandamiza. Si sawa na ya kusaga mwenyewe, lakini hakuna fonda itakayokucheka. Wapo wanaoutumia pia.

Swali: Mezani kuna bakuli mbili za pilipili, nyekundu na ya kijani. Ya kijani ndiyo ya wanyonge, sivyo? (Msomaji, Unguja)

Sivyo. Rangi haikuambii kitu. Ya kijani hutengenezwa kwa tomatillo, tunda chachu lenye ganda kama la karatasi, pamoja na pilipili serrano mbichi, na siku nyingine huwa kali kuliko nyekundu. Ukali hutegemea pilipili ya siku hiyo na mkono wa mpishi. Kwa kipimo cha ukali kiitwacho Scoville, jalapeño ni 2,500 hadi 8,000, serrano 10,000 hadi 23,000, na habanero ya Yucatán 100,000 hadi 350,000. Habanero ni ya ukoo mmoja na pilipili mbuzi, kwa hiyo wewe wa Unguja huigopi, unaiheshimu tu.

Chovya ncha ya tortiya, onja, subiri nusu dakika, ndipo umwage. Ukiuliza "¿pica?" (inawasha?) utajibiwa haiwashi, na anayejibu hadanganyi, ila ulimi wake umezaliwa huko. Uliza ipi inawasha kidogo kuliko mwenzake: "¿Cuál pica menos?" Ukiungua, maji hayasaidii, kwa sababu kapsaisini, kile kinachowasha kwenye pilipili, haiyeyuki kwenye maji: tafuta maziwa au krimu.

Swali: Wali wao mwekundu nikiupika unakuwa bokoboko. Natumia kikombe kimoja cha mchele na viwili vya mchuzi kama nilivyoelekezwa. (Msomaji, Bujumbura)

Umesahau kwamba nyanya nazo ni maji. Vikombe viwili ni jumla ya kila kitu.

Osha kikombe kimoja cha mchele mrefu mpaka maji yawe maangavu, loweka dakika 15, kisha uchuje na kuuacha kwenye chujio dakika 10 nyingine. Mchele uliolowa haukaangiki, unachemka tu. Kaanga kwa vijiko vitatu vya mafuta, moto wa wastani, ukigeuza dakika 6 hadi 8. Sikiliza: punje zikiiva hulia sufuriani kama changarawe. Saga nyanya mbili, robo ya kitunguu na punje moja ya kitunguu saumu, chuja, upate robo tatu ya kikombe. Mimina, koroga dakika tatu mpaka rojo likolee na kukaukia kwenye mchele. Ndipo utie mchuzi wa moto, kikombe kimoja na robo, na chumvi kijiko kimoja cha chai. Kwa mchele laini wa kwetu, kama wa Kyela, punguza robo kikombe. Karoti na njegere ukipenda, na pilipili nzima juu kwa harufu. Ikichemka funika, moto mdogo kabisa, dakika 15 hadi 18, halafu zima uache dakika 10 bila kufunua. Mwiko ukishaweka mchuzi hauna kazi tena. Ukikoroga, punje zinavunjika na wanga unatoka.

Swali: Naambiwa mole ni kuku wa chokoleti. Kweli watu wazima wanakula hivyo? (Msomaji, Muscat)

Mole ni sosi nzito, na chokoleti yake ni kidogo mno, ya kutuliza ukali na kuipa sosi rangi. Mwili wa mole poblano ni pilipili kavu za aina tatu au nne, ufuta, lozi au karanga, mdalasini, karafuu, na tortiya iliyounguzwa ya kuongezea uzito. Ukionja utakumbuka bizari za nyumbani kabla ya kukumbuka pipi. Kazi yake ni ndefu, kwa hiyo fonda nyingi hununua rojo lililosagwa sokoni kwa kilo na kulizimua kwa mchuzi wa kuku. Si aibu.

Swali: Mtu mmoja anakula taco ngapi, na ni kwa uma au kwa mkono? (Msomaji, Nairobi)

Kwa mkono. (Neno taco tunaliandika kwa herufi c, na wasomaji wetu mnajua kwa nini hatuthubutu kuweka k.) Ni tortiya ndogo zinazokunjwa na kitoweo ndani, upana wa kiganja, agiza tatu, kisha ongeza moja moja, maana zikipoa zinakufa. Ukiulizwa "¿con todo?" unaulizwa kama unataka kitunguu na dania. Kamulia ndimu, shika kwa vidole vitatu, inamisha kichwa badala ya kuinamisha taco, na simama mbele kidogo ya sahani ili mchuzi udondoke humo. Sahani yenyewe huenda ikavishwa mfuko wa plastiki: mteja akimaliza, mfuko unatupwa, sahani inavishwa mwingine. Mwishoni utaulizwa umekula ngapi, nawe utaje idadi ya kweli.

Jambo moja la wenye watoto: ndani ya Jiji la Meksiko, quesadilla (tortiya iliyokunjwa na kujazwa kitu) haina jibini mpaka uitaje. Sema "con queso", la sivyo utaletewa ya uyoga au ya maua ya boga, na mtoto atalia.